Kondo tunalizika kwa heshima, ila hatulitazami

Mtoto wangu alipozaliwa hapa London, mama alinipigia simu kutoka Ahero na kuuliza, "Kondo mmelipeleka wapi?" Kwetu Waluo kondo la nyuma, biero, huzikwa nyumbani, na lilipozikwa ndipo kwenu. Nilikosa jibu. Lilikuwa maabara, linapimwa.

Nilikubali mwenyewe. Skani ya wiki ya 20 ilionyesha mishipa mikubwa miwili ya moyo wa mtoto imepishana, nikaombwa kuingia kwenye utafiti wa kupiga picha za kondo kwa MRI. Moyo na kondo hujengeka katika wiki zilezile za mwanzo, na moyo wa mtoto ndio unaosukuma damu kwenda kwenye kondo, kwa hiyo kimoja kikiwa na kasoro, hicho kingine nacho kinastahili kutazamwa. Mashine hiyo hutumia sumaku, haina miale kama ya eksirei, na sikudungwa dawa yoyote. Damu iliyopungukiwa oksijeni huvuruga sumaku kidogo. Kwa mvurugo huo daktari huona ni sehemu gani ya kondo inapata hewa na ipi inakosa. Nililala ubavu nikisikiliza mashine ikigonga, nikiomba Mungu.

Dada yangu alipigwa skani mara mbili Kisumu. Zote aliambiwa mtoto ni msichana na amekaa vizuri. Tundu la moyo lilijulikana mtoto ana miezi minne, akinyonya huku anatweta na kutoka jasho.

Sidai MRI ya kondo iletwe Kisumu kesho. Hata huku bado ni utafiti. Ninachodai ni kidogo, na ndiyo maana kinaniuma. Karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo, na tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza skani moja kabla ya wiki ya 24. Kifaa kikishawekwa tumboni, kondo liko palepale. Mashine ya skani yenye dopla, yaani uwezo wa kupima mwendo wa damu, huipima damu inayopita kwenye kitovu kwa dakika chache. Anayeishika afundishwe moyo, si jinsia tu. Na kabla bibi hajakabidhiwa kondo akalizike, lipimwe uzito, litazamwe pande zote mbili. Mila haiharibiki kwa hilo.

Dada ana mimba tena, wiki ya 19. Nimemtumia pesa za skani na ujumbe: waambie waangalie vyumba vinne vya moyo na mishipa inayotoka, halafu wasiondoe kifaa kabla ya kulitazama kondo.