Kilichokata Jiwe Si Shaba

Mtu akikuonyesha bakuli la dayoraiti (jiwe gumu la jamii ya granaiti) lenye umri wa miaka 5,000, hachelewi kukuambia mambo matatu: Wamisri wa wakati ule hawakuwa na zana za chuma, walikuwa na shaba, na shaba haikati dayoraiti. Yote matatu ni kweli. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga madini kwa ugumu kuanzia 1 hadi 10, shaba iko kwenye 3 hivi, na kwatzi iliyomo ndani ya granaiti iko kwenye 7. Shika msumeno mtupu wa shaba uanze kukata granaiti asubuhi; jioni utakuwa umemaliza msumeno, jiwe linakutazama tu.

Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Kuna wanaosema basi palikuwa na mashine, au watu wengine wenye ujuzi mkubwa kabla ya Mafarao, na Wamisri walivirithi tu vyombo hivyo. Wengine, wakiwemo karibu wanaakiolojia wote, wanasema kazi ya shaba haikuwa kukata. Ilikuwa kusukuma mchanga.

Na hatuzungumzii vibakuli viwili vitatu. Chini ya piramidi ya ngazi ya mfalme Djoser, pale Saqqara karibu na Cairo, wachimbaji wa miaka ya 1930 walikuta mahandaki yaliyosheheni vyombo vya mawe, vinavyokadiriwa kufika 40,000, vingi vikiwa vimepondeka. Kuna vya alabasta (ile marimari ya kwenye Biblia), kuna vya mawe magumu zaidi, na baadhi vimechorwa majina ya wafalme wa nasaba mbili za kwanza, waliotawala kabla ya Djoser. Hata wafalme hao hawakuwa wa kwanza kuwa na vyombo hivi: makaburi ya kipindi cha Naqada, kabla Misri haijawa na mfalme mmoja, yametoa mitungi ya mawe aina ya basalti na breksia.

Nianze na hoja ya mashine, maana haistahili kuchekwa kama inavyochekwa. Aliyeipa nguvu, bila kukusudia, ni Flinders Petrie, mmoja wa waasisi wa akiolojia ya Misri. Katika kitabu chake cha mwaka 1883 kuhusu piramidi za Giza alieleza kiini cha granaiti, yaani kile kipande cha mviringo kinachobaki katikati keekee ya bomba inapotoboa. Alipima mfereji uliokizunguka akaona unashuka inchi 0.1 kwa kila mzunguko wa inchi 6. Kwa granaiti, huko ni kushuka kwa kasi mno. Petrie akahitimisha kwamba bomba lilipachikwa vito vigumu mdomoni na kugandamizwa kwa uzito mkubwa. Hata mabakuli ya dayoraiti aliamini yalizungushwa kwenye kerezo, ile mashine inayokizungusha kitu huku kikichongwa. Karne moja baadaye Christopher Dunn, fundi mitambo anayeishi Marekani, alikitumia kiini hichohicho kudai kwamba palikuwa na mitambo ya kisasa kabisa. Miaka ya karibuni wamekuja wenye vifaa vya kuskani, na wanasema baadhi ya mitungi ina mviringo unaokosea kwa sehemu chache tu za elfu ya inchi.

Sasa upande wa mchanga. Kama umekulia nyumba yenye jiwe la kusagia, unalijua lile bonde la katikati. Hakuna aliyelichonga, limeliwa na jiwe dogo la mkononi, nafaka na miaka. Mchanga wa jangwani nao ni kwatzi, ugumu 7 uleule. Ukiumwaga chini ya bomba la shaba na kulizungusha, punje zinajikita kwenye shaba laini, na hizo ndizo zinazokwangua jiwe. Denys Stocks, Mwingereza aliyetumia miaka mingi kuzijaribu zana hizi, alikwenda Aswan akatoboa granaiti kwa bomba la shaba na mchanga. Jiwe lilitoboka, polepole mno, na shaba ikaisha kwa kiasi kikubwa.

Lakini bomba linatoa tundu lililonyooka tu. Mtungi una mabega. Mdomo mwembamba, tumbo pana. Utalipanua tumbo vipi? Hapa ndipo ninapovua kofia. Walitengeneza kijiwe chenye umbo la nane, kimebanwa kiunoni. Ukikiingiza wima kinapita mdomoni. Kikifika ndani unakilaza, unakishika kiunoni kwa mti wenye panda, unatia mchanga, unapekecha. Kisha unaweka kirefu zaidi, kisha kirefu zaidi ya hicho. Mti wenyewe ulifungwa mawe juu ili uwe na uzito, na picha yake ikawa alama ya maandishi yenye maana ya ufundi. Kwenye kaburi la waziri Mereruka, Saqqara, mafundi wamechorwa kazini wakiwa nao. Mistari ya mviringo inayobaki ndani ya vyombo vingi inaendana na kazi hiyo.

Hata hivyo wenye mchanga nao hawajaelewana wao kwa wao. Mwaka 1983 Leonard Gorelick na John Gwinnett, ambao fani yao ilikuwa meno, walichukua nakala ya umbo la tundu la mfuniko wa jeneza la granaiti kwa ute uleule wa kupimia meno, wakaitazama kwa darubini ya elektroni. Majaribio yao yakaonyesha kwamba mchanga mtupu hautoi mifereji kama ile. Unga wa emeri, jiwe gumu zaidi, unaitoa. Kwa hiyo swali la Petrie halikuwa la kijinga. Hata kuhusu iwapo mfereji wake ni mmoja unaoshuka au ni miduara iliyotengana, bado watu wanabishana.

Kwangu mizani inalala upande wa mchanga, tena kwa mbali. Zana zipo, picha zipo, vyombo vilivyoachwa kabla havijakamilika vipo. Mashine haijaacha hata parafujo. Mitungi iliyotangazwa sana kwa usahihi wake ilitoka mikononi mwa wakusanyaji binafsi, na soko la vitu vya kale limejaa vilivyotengenezwa juzi kwa kerezo. Kipimo cha elfu ya inchi hakina maana kama hujui kitu kilitoka shimo gani. Halafu yapo yale mashikio mawili ya ubavuni: kwenye kerezo, ule ukanda kati yao haufikiki, lazima usuguliwe kwa mkono.

Ila wanaakiolojia nao wamejitakia sehemu ya fujo hii. Kwa miaka mingi walivichora vyombo, wakavipanga kwa umbo na kwa nasaba, wakaishia hapo; wachache mno waliuliza mviringo wake umekosea kwa kiasi gani. Pengo hilo wamelijaza wenye skana. Vya kupimwa vipo: vile vipande vya Saqqara, ambavyo hakuna mkusanyaji angevining'inizia bei. Mtungi mzima unakuonyesha ngozi yake tu, lakini uliovunjika uko wazi kuanzia mdomo hadi kitako, na kila mstari ulioachwa na mchanga unaweza kuuwekea kidole.