Gaddafi alinyolewa, Pyongyang ikatia maji

Machi 19, 2011 ndege za Ufaransa zilitangulia kuyapiga magari ya kivita ya Muammar Gaddafi nje ya Benghazi. Saa chache baadaye meli na nyambizi za Marekani na Uingereza zikavurumisha makombora zaidi ya 110 ya Tomahawk, yakilenga hasa ulinzi wa anga wa Libya. Macho ya dunia yalikuwa Tripoli, Misrata na Ajdabiya. Lakini jibu zito kuliko yote, kwa maoni yangu, lilitoka mbali sana na huko. Siku 3 tu baadaye msemaji wa wizara ya mambo ya nje ya Korea Kaskazini alisema kwamba kuifanya Libya iachane na mpango wake wa nyuklia ilikuwa mbinu ya kuivamia: ilibembelezwa kwa ahadi za usalama na uhusiano mwema, ikaweka silaha chini, ndipo ikashambuliwa.

Nimejaribu mara nyingi kutafuta jibu la kumpa msemaji yule, na si rahisi. Desemba 2003 Gaddafi alitangaza kuachana na silaha za maangamizi. Mwezi uliofuata vifaa vyake vya nyuklia vikapakiwa kwenye ndege na kupelekwa Oak Ridge, Tennessee, Marekani. Machi 2004 Tony Blair alifunga safari mwenyewe kwenda kumpa mkono, na mwaka 2006 Marekani ikaiondoa Libya kwenye orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi. Mkataba ulionekana kuzaa matunda. Kisha Oktoba 20, 2011 Gaddafi akauawa Sirte, baada ya msafara wake kupigwa na ndege za NATO.

Simsafishi Gaddafi hata kidogo. Watanzania tunakumbuka kwamba mwaka 1979 alipeleka askari Uganda kupigana upande wa Idi Amin dhidi ya vijana wetu. Na Februari 2011 alipotishia kuwasaka wapinzani wake nyumba kwa nyumba, watu wa Benghazi walikuwa na kila sababu ya kumwamini. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama liliruhusu nguvu itumike kuwalinda raia. Nchi zote 3 za Afrika zilizokuwamo barazani, yaani Afrika Kusini, Nigeria na Gabon, ziliunga mkono. Kama mashambulizi yangeishia pale Benghazi ilipookoka, leo ningeandika makala nyingine kabisa. Yaliendelea kwa miezi 7, mpaka Gaddafi akauawa. Kamati ya marais ya Umoja wa Afrika, ambayo Uganda ilikuwa mwanachama wake, ilitaka kuruka kwenda Tripoli Machi 20 kutafuta suluhu, ikanyimwa ruhusa ya kupita angani.

Kuna wanaopinga hoja hii, na wana pointi. Korea Kaskazini ilikwisha kufanya majaribio ya nyuklia mwaka 2006 na 2009, kabla ya Libya kuguswa. Gaddafi naye hakuwahi kuwa na bomu. Sehemu kubwa ya mitambo yake ilikuwa bado haijaunganishwa. Kwa hiyo sisemi kwamba makombora ya 2011 ndiyo yaliyoleta bomu la Pyongyang. Nasema yaliua mjadala. Kabla ya hapo mtu angeweza kwenda kwa Wakorea akasema, tazameni Libya, imeacha na mambo yake yamenyooka. Baada ya Sirte, mfano huohuo ukawa tishio. Mwaka 2018 John Bolton, mshauri wa usalama wa Rais Trump, alipoutaja mfano wa Libya kama njia ya kufuata, Wakorea walikasirika kiasi kwamba Mei 24 Trump akaandika barua ya kufuta mkutano wake na Kim Jong Un. Mwishowe wakakutana Singapore Juni 12, wakapeana mikono. Hakuna bomu lililosalimishwa.

Moscow nako walipiga hesabu yao. Urusi haikulipinga azimio la Libya, ilikaa kando tu, pamoja na China, India, Brazil na Ujerumani. Putin, wakati huo waziri mkuu, alilifananisha na wito wa vita vya msalaba vya zama za kati, na Rais Medvedev akamkemea hadharani. Kadiri mabomu yalivyozidi kumwelekea Gaddafi mwenyewe, hoja ya Putin ilipata nguvu. Oktoba 4, 2011 Urusi na China zikapiga kura ya turufu dhidi ya azimio la kulaani ukatili wa serikali ya Syria. Zikarudia Februari 2012, na Urusi ikaendelea hivyo kwa miaka. Gharama ya Libya waliilipa Wasyria, na jambo hili linaniumiza kuliko mengine yote, kwa sababu hawakuwa na sauti yoyote katika uamuzi ule.

Hesabu hizo hazijafungwa. Ayatollah Khamenei wa Iran alimtaja Gaddafi mwezi uleule wa Machi 2011, akisema alikabidhi kila kitu kwa Wamagharibi na hakupata kitu. Hata hivyo Iran ilichagua kukaa katikati: ikarutubisha urani hadi asilimia 60, karibu na kiwango cha kuundia bomu, ikabaki ndani ya mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, bila kuunda bomu. Juni 2025 Israel ikaipiga, kisha Marekani ikashambulia vituo vyake vya nyuklia vya Fordow, Natanz na Isfahan. Korea Kaskazini, yenye mabomu tayari, haikuguswa. Siku chache baadaye bunge la Iran likapitisha sheria ya kusitisha ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, na mwanzoni mwa Julai wakaguzi wake wakaondoka nchini, huku zaidi ya kilo 400 za urani ile ya asilimia 60 zikiwa hazijathibitishwa zilipo.