Mti Niliovuka Bahari Kufundishwa

Nacheka peke yangu kila nikikumbuka. Mwaka wangu wa kwanza huku ughaibuni nilijiandikisha kozi ya kutumia michoro katika tiba simulizi, yaani ushauri nasaha unaomsaidia mtu kusimulia upya maisha yake. Nikalipa ada, nikakaa na wenzangu kwenye duara, tukachora mti. Mizizi ni ulikotoka. Udongo ni maisha yako ya kila siku, shina ni unayoyaweza, matawi ni matumaini, majani ni watu wako walio hai na waliotangulia, matunda ni yale uliyoachiwa na wengine. Ndipo mwalimu akasema zoezi hili, Mti wa Maisha, liliundwa na Ncazelo Ncube wa Zimbabwe na David Denborough wa Australia kwa ajili ya watoto wa kusini mwa Afrika walioathiriwa na UKIMWI. Kumbe nimepanda ndege kufuata kitu kilichoota Afrika!

Sina kinyongo na huku. Nyumbani nilitoa ushauri nasaha kwenye ofisi ambayo mlango wake haukufungika, na mtu aliweza kuingia kuchukua stepla mteja akiwa katikati ya machozi. Tulichora nyuma ya fomu za zamani. Huku nina kabati zima: rangi za maji, krayoni, udongo wa kufinyanga, magazeti ya kukata picha. Nina pia saa nzima ambayo hakuna anayeigusa. Asikudanganye mtu, hilo ni jambo kubwa.

Tatizo ni mchoro ukishakamilika.

Mteja mmoja (ameniruhusu kuandika, na nimebadilisha mambo yake asitambulike) alikuwa halali usiku. Nikamwomba achore kinachomkesha. Akachora mlinzi mwenye koti refu la penseli, tochi mkononi, na mwanga wa tochi tu ndio aliopaka rangi, njano iliyokolea hadi karatasi ikakwaruzika. Nikamuuliza: nani alimwajiri huyu? Ameanza zamu lini? Upo usiku aliowahi kusinzia kazini? Akafikiri, akacheka. "Dada yangu alipokuja kunitembelea. Siku hiyo alilala yeye."

Hapo ndipo tiba simulizi inapofanya kazi yake. Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand, walioiasisi miaka ya 1980, walishikilia kwamba mtu siye tatizo. Tatizo ndilo tatizo. Ukilichora, liko pale mezani, unaweza hata kulisogeza kando.

Basi mwenzangu mmoja mwenye cheo akauona ule mchoro, akautafsiri papo hapo: tochi maana yake anahisi anafuatiliwa, andika kwenye faili. Mwenye mchoro hakuulizwa neno. Alipoomba akamwonyeshe dada yake, akapewa fotokopi, kwa kuwa karatasi yenyewe ni mali ya faili. Fotokopi ya nyeusi na nyeupe. Ile njano yote ikapotea.

Nyumbani faili lisingekuwa kizuizi, ila kungekuwa na balaa jingine. Kijana mmoja kule alichora mti wake, mama yake akaukuta kwenye begi, akataka kujua mbona yeye si jani. Wiki mbili kijana hakuja. Tiba hii hutumia pia mashahidi, yaani watu wa kumsikiliza mteja na kutazama alichochora. Mashahidi tunao tele kwetu, lakini hujileta wenyewe, na hawajamaliza kutazama wameshatoa ushauri. Shahidi anayetakiwa na tiba hii huchaguliwa na mteja. Hahukumu wala hasifu, husema tu kilichomgusa na kilichomkumbusha katika maisha yake mwenyewe.

Hata hivyo, nikilazimishwa kuchagua, nitachukua vurugu za nyumbani. Mtu wa kuja bila kualikwa unaweza kumfundisha kunyamaza. Kabati la mafaili lililofungwa utalifundisha nini?

Nilibishana na ofisi karibu miezi miwili. Sasa faili linabaki na picha ya simu, mteja anaondoka na karatasi yake akitaka. Yule bwana alikwenda nayo kwa dada yake, akairudisha kunionyesha. Dada aliitazama kimya, akauliza swali moja tu: huyu mlinzi mbona hana pa kukaa? Pembeni ya koti, kwa krayoni ya kahawia, kulikuwa na kigoda.