Tofali la mahari

Dar sikuikimbia jamani, Dar ndo ilinifukuza. Nilikuwa nakaa Sinza, chumba sebule na jiko, laki tatu na nusu, na mwenye nyumba wangu haelewi mambo ya mwezi mwezi, yeye ni miezi sita mkononi. Mwaka jana mwezi wa tisa akanipigia, sauti ya upole kama anatoa taarifa ya msiba, mwanangu hali ngumu, Januari tunaenda laki nne na nusu. Nikazidisha mara sita, milioni mbili na laki saba, jasho likanitoka na feni inazunguka. Afu mimi kazi yangu ni kuedit video za harusi za watu, laptop na bando tu, hata juu ya mnazi naifanya, sasa foleni ya Shekilango nakaa nayo ya nini?

Mshikaji wangu mmoja akaniambia nenda Tanga, kodi nusu, samaki wa kumwaga. Nikapanda basi nikaenda kutafuta.

Dalali alinipokea stendi ya Kange na baiskeli. Tanga baiskeli ni usafiri wa heshima kabisa, wazee wenye kanzu zao wanapiga pedeli wametulia, ila mtu mzima kupakiwa nyuma na briefcase yako mapajani, hapana. Elfu kumi ya kuzungushwa nikamlipa kwanza. Nyumba ya kwanza choo kiko ndani kweli, ila hakina mlango, namuuliza ananijibu "kaka si unakaa peke yako?" Ya pili Raskazone, bahari unaiona, bei nayo unaiona. Kila nikilalamika bei anazungumzia bomba la mafuta. Si mnajua lile linalotoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani, kilomita 1,443, basi huyu bwana ungedhani linaishia kwenye sebule anayonionesha. "Chukua sasa hivi kaka, mafuta yakifika hapa utapaota tu."

Ya tatu ndo nikakubali. Ngamiani, nyumba ya baraza mbele, uwani wamejenga apatimenti nne, tailizi, gipsamu, LUKU yangu mwenyewe, laki moja na nusu. Mama mwenye nyumba sikumkuta, tuliongea kwa simu tu. Nikalipa miezi sita na mwezi wa dalali juu. Sasa Ngamiani mitaa yake haina majina, ina namba, barabara ya ngapi ya ngapi, mistari imenyooka kama daftari la hesabu, na nyumba mchana zote nilizipenda kwa sababu zote zinafanana. Hapo ndipo palipo kesi.

Siku ya kuhama nikakodi kenta. Vitu vyangu vya kisela tu, kitanda, godoro, kabati la nguo, jiko la gesi, sufuria, na tofali. Tofali ni la kitanda, mguu mmoja ulivunjika 2022 na lile tofali ndo mguu tangu hapo, lina urefu kamili kabisa, sasa nikaona nikiliacha Tanga nitaanza kupima matofali ya watu. Kwa hiyo ndio, nimesafirisha tofali moja kutoka Sinza mpaka Tanga, kilomita zaidi ya mia tatu, nimelifunga na fulana lisikwaruze kabati.

Mama mwenye nyumba nilimwambia nafika alasiri. Pancha ikatukuta Mkata, spea ya dereva nayo ilikuwa imepasuka zamani, anasema alisahau, tukakaa hapo mpaka magrib. Tunaingia Ngamiani saa mbili na nusu usiku umeme hakuna, mtaa mzima giza, nampigia dalali, namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Nikamwelekeza dereva kwa kumbukumbu. Geti la bluu. Mwembe. Baraza. Hapa hapa simama.

Hata sijashuka vizuri nasikia sauti ya mama mmoja, "Hawa hapa! Wamefika! Tumewasubiri tangu alasiri!"

Alasiri. Mnaona? Mtu ameitaja alasiri kwa mdomo wake, mimi ningekuwa na shaka gani?

Vijana wakatoka ndani kama sita hivi, wakaanza kushusha mzigo bila kuulizwa bei. Wamama wakapiga vigelegele. Wallahi vigelegele, kwa kitanda changu. Nikamnong'oneza dereva, unaona watu wa pwani walivyo wakarimu, Sinza nilikaa miaka minne jirani hata jina langu halijui. Dereva hakunijibu, alishapewa sinia ya pilau, amechuchumaa karibu na jiko la mkaa anakula kama kesho hakuna.

Shangazi mmoja na tochi ya simu akauliza, "Bwana mwenyewe kabaki wapi?"

Nikasema, "Bwana mwenyewe si ndo mimi, shikamoo."

Kimya. Afu wakaanza kucheka wamejiziba na khanga. "Mwenyewe kaja! Vijana wa siku hizi hawana subira!" Na mimi nikacheka. Nacheka nini, sijui.

Nimeedit harusi miaka minne mimi. Kitanda, godoro na kabati kuletwa kwa kina bibi harusi siku chache kabla, hiyo sehemu nimeikata na kuiunga mara mia, hata wimbo wa kuweka chini yake ninao kwenye folda. Na bado sikushtuka.

Aliyeshtuka ni bibi. Bibi mmoja mfupi, buibui, tochi ya betri mkononi, alikuwa anakagua kitu kimoja kimoja kama ofisa wa forodha. Akaanza na godoro. Akalimulika, akalinusa.

"Hili godoro mbona lina ramani?"

"Ni chai bibi, naapa."

Akafungua sufuria kubwa. Ndani kuna ukoko wa ugali wa usiku wa kuamkia safari, maji yalikuwa yamekatika Sinza nikasema nitaosha mbele ya safari. Bibi akaugonga ukoko kwa kucha, ko ko ko. "Yaani mjukuu wangu aanze ndoa kwa kusugua?"

Nikasema ndoa gani. Hakunisikia, alishafika kwenye fulana. Anaifungua taratibu, wamama wote wamesogea, nadhani walitegemea dhahabu. Likatoka tofali. Akalishika kwa mikono miwili, akaligeuza huku na huku, akaniangalia.

"Na hili nalo ni mahari?"

Hapo mzee mmoja akatoka ndani, baba wa binti kumbe. "Kijana, wewe ni nani?" Mpangaji, nikamwambia. Mpangaji wa wapi? Chumba sebule na jiko, nimelipa miezi sita. Nikatoa mkataba natetemeka, akausoma kwa tochi ya bibi, akaurudisha amebana midomo asicheke. "Mwanangu, hapa kumi na moja. Wewe wako barabara ya kumi na mbili, mtaa wa nyuma."

Afu kama vile haitoshi, nyuma ya kenta yetu ikapiga honi fuso. Ndo wenyewe hao, wametoka Pangani, kitanda cha mninga kimechongwa mpaka kinang'aa gizani, godoro bado liko kwenye nailoni, na barabara tumeiziba sisi. Kusogeza kenta haiwezekani, dereva kaomba sinia ya pili. Wale vijana sita kunipakilia tena wakataka elfu tano kila mmoja, ukarimu ulikuwa wa bwana harusi. Mshenga wao akawa ananiangalia toka juu mpaka chini, akamuuliza baba wa binti kama kuna mposaji mwingine waambiwe mapema.

Nikafika kwangu saa tano usiku. Mama mwenye nyumba wangu alishalala. Nikalala na kitanda kimeinama upande mmoja maana kwa haraka ile tofali lilibaki kule, na uso wa kurudi kuliomba sikuwa nao.

Siku ya tatu, Jumapili mchana, mtoto akabisha hodi. Kabeba sahani ya pilau imefunikwa kawa, na kwapani fulana yangu.

"Bibi kasema harusi imepita salama, na mahari yako hii hapa wamekurudishia."