EB-1A au NIW? Hesabu ya mtaalamu aliyezaliwa Afrika Mashariki

Wataalamu wetu wanaotafuta grini kadi ya Marekani kupitia kazi hupeana ushauri mmoja: kama huna tuzo ya Nobel, achana na EB-1A (njia ya wenye uwezo wa hali ya juu kabisa), peleka NIW (msamaha wa sharti la mwajiri kwa maslahi ya taifa). Ulikuwa ushauri mzuri. Siku hizi nauona nusu tu ya hesabu.

Utamu wa njia hizi mbili ni kwamba mtu anajiombea mwenyewe. Hahitaji mwajiri, wala ule mchakato wa kutangaza kazi ili ithibitike kuwa hakuna Mmarekani wa kuifanya. Zinachopima ndicho tofauti.

EB-1A inaangalia ulikotoka. Asiye na tuzo kubwa ya kimataifa lazima atimize angalau vigezo 3 kati ya 10: kuandikwa na vyombo vya habari, kuwa mwamuzi wa kazi za wenzake, mchango mpya wenye uzito, mshahara wa juu na kadhalika. Na kutimiza vitatu si kushinda. Tangu hukumu ya mahakama katika kesi ya Kazarian ya mwaka 2010, ofisa wa uhamiaji huhesabu vigezo kwanza, kisha huuliza kama ushahidi wote kwa jumla unaonyesha mtu aliyefika kileleni. Hapo ndipo wengi hukwama.

NIW, iliyo ndani ya daraja la EB-2, inaangalia unakokwenda. Ukishaonyesha shahada ya juu au uwezo wa kipekee, uamuzi wa idara ya uhamiaji katika shauri la Dhanasar wa mwaka 2016 unataka mambo matatu: kazi yako iwe na uzito kwa taifa la Marekani, uwe na uwezo wa kuisukuma mbele, na taifa lifaidike kwa kukuondolea sharti la mwajiri. Mwanariadha mwenye medali za dunia atahangaika kueleza mbio zake zina maslahi gani kwa taifa, ilhali EB-1A inamfaa kabisa. Mtafiti kijana wa magonjwa ya kuambukiza, mwenye makala chache lakini mpango unaoeleweka, mambo yake ni kinyume.

Kama yangeishia hapo, NIW ingeshinda kwa wengi. Ila kuna foleni. Sheria ya mwaka 1990 inatenga viza 140,000 hivi za ajira kwa mwaka, wake, waume na watoto wakiwemo, na hakuna nchi inayopaswa kuzidi asilimia 7. Kwa miaka mingi foleni ndefu ilikuwa ya India na China. Aliyezaliwa Arusha au Kisumu alipita moja kwa moja. Mwishoni mwa 2022 EB-2 ikawekewa tarehe ya ukomo kwa nchi zote, yaani ambaye ombi lake si la kabla ya tarehe hiyo husubiri, huku EB-1 (daraja lenye EB-1A) ikibaki wazi kwetu. Tarehe hizo hubadilika kila mwezi, hivyo atakayeamua bila kusoma taarifa ya viza ya mwezi huo anabahatisha. Hata huduma ya haraka ya kulipia inatofautiana: siku 15 za kazi kwa EB-1A, 45 kwa NIW.

Kinachohesabiwa ni mahali pa kuzaliwa, si pasipoti. Mtanzania aliyezaliwa Mumbai anasimama kwenye foleni ya India, labda mwenzi wake awe amezaliwa kwingine. Kwake, kupeleka NIW mapema ili kushika tarehe ya foleni ni akili, kwa sababu ombi likikubaliwa anaweza kuihamishia tarehe hiyo kwenye EB-1A baadaye. Aliyezaliwa Arusha faida hiyo haimgusi sana maadamu EB-1 iko wazi.

Mawakili wengi watakwambia peleka yote mawili, na sheria inaruhusu. Ni ushauri mzuri kwa mwenye fedha (na kwa wakili mwenyewe). Kwa mwenye ada ya ombi moja, ningesema hivi: kama vigezo vinne au vitano vinasimama bila kuvutwa kwa nguvu, aende EB-1A. Kama vitatu vyenyewe ni vya kubembeleza, NIW na subira.

Waliokwenda kwa ufadhili wa Fulbright wa serikali ya Marekani, pamoja na wengine wa viza ya J-1 (ya programu za kubadilishana) wenye sharti la kurudi nyumbani miaka miwili, wana shughuli nyingine kabla ya hapo. Ombi linaweza kupita kwa njia yoyote kati ya hizi, lakini grini kadi haitoki mpaka miaka hiyo itimie au sharti liondolewe kwa ombi la pekee. Neno “msamaha” lililomo kwenye NIW halihusiki na sharti hilo hata kidogo.