Yapandisheni maua dirishani, mbuzi wabaki na majani yao

Hapa Kigoma mjini maua ya ardhini yana maadui wawili: mbuzi na kuku. Pita Ujiji au Mwanga asubuhi uwaone mbuzi wanavyozurura kama wenye mji. Kuku naye akiona udongo umetifuliwa, hahitaji kualikwa. Ndiyo maana wengi wetu tumekata tamaa. Uwanja umefagiliwa safi, ukuta umepakwa rangi, dirisha lina grili iliyonakshiwa, halafu sebuleni tumeweka maua ya plastiki yaliyojaa vumbi. Kwa maoni yangu dawa iko kwenye hiyo hiyo grili. Maua yapande juu, yakae kwenye masanduku chini ya dirisha na kwenye vyuma vya ukingo wa baraza, mpita njia ayaone na mbuzi ayakose.

Wanaosema ni anasa ya watu wa maghorofa hawajaangalia stoo zao. Mkoa wa mawese haukosi madumu ya njano. Chukua la lita 20, lilaze, kata ubavu mmoja, lioshe kwa maji ya moto na sabuni mpaka mafuta yaishe, kisha toboa matundu chini. Wapo wanaoichukia ile njano. Mimi naipenda, maana maua mekundu yakikaa juu yake yanawaka. Asiyeitaka aende kwa seremala akagonge sanduku la mbao lenye kina cha sentimita 20 hivi. Likiwa na kina kidogo kuliko hapo, mizizi inaiva kwa joto. Cha kuogopa ni uzito. Udongo uliolowa ni mzito kuliko maji, kwa hiyo dumu lililojaa nusu tu linaweza kupita kilo 15. Mwite fundi wa kuchomelea aweke vishikizo vya chuma. Waya wa kufungia peke yake hautoshi, hasa kama chini wanapita watoto. Na kwenye baraza ning'iniza upande wa ndani, kwa sababu upepo wa ziwani haubembelezi.

Udongo mtupu wa uani usiujaze humo, utaganda uwe tofali. Changanya udongo mafungu mawili, samadi iliyooza fungu moja, na mchanga fungu moja. Sisi tuna bahati ambayo watu wa pwani hawana: Tanganyika ni ziwa la maji baridi, mchanga wake hauna chumvi ya kuunguza mizizi.

Sasa jua, ambalo ndilo watu hawalifikirii kabisa. Ziwa liko magharibi yetu. Dirisha lenye mandhari nzuri ya maji ndilo linalopigwa na jua la alasiri, tena kali. Hapo usiweke ua laini. Weka vinka, yenye maua meupe na ya waridi, ambayo asili yake ni Madagaska, inavumilia ukame na hata mbuzi haitamani kwa sababu ina sumu. (Wenye watoto wadogo waitundike mbali na mikono yao.) Weka pia potulaka, ile yenye vijani vinene vya maji, inayofumbua maua jua likiwaka na kuyafumba jioni. Kipindi cha kiangazi, mwezi wa 6 na wa 7, jua linaegemea kaskazini, kwa hiyo dirisha la upande huo nalo lipewe mimea migumu. Madirisha ya mashariki na mabaraza yenye kivuli ndiyo ya koliasi, kwa majani yake ya rangi rangi, na ya impashensi.

Hii impashensi inanichekesha. Duniani kote watu wanaipanda kwenye masanduku ya dirishani, nasi tukiiona tunadhani ni ua la Ulaya, kumbe kwao ni huku huku Afrika Mashariki. Jina lake la kisayansi, Impatiens walleriana, linamkumbuka Horace Waller, mmisionari aliyehariri shajara za mwisho za Livingstone, yule yule aliyekutana na Stanley hapa Ujiji mwaka 1871. Ua lenye undugu na mji wetu namna hiyo linakosaje baraza Kigoma?

Jirani atasema maua yanaleta mbu. Asibezwe, mkoa wetu unaijua malaria. Lakini mbu hazaliwi na ua, anazaliwa na maji yaliyotuama, na kwa joto letu anaweza kutoka kwenye yai mpaka kuruka ndani ya siku kumi hivi. Kwa hiyo matundu ya chini yawe wazi, na kisahani cha kukinga maji kimwagwe au kisiwekwe kabisa. Wakati wa mvua, sogeza sanduku lisikae chini ya mchirizi wa bati, litajaa na kuoza. Kiangazi ni kinyume chake: sanduku linakauka kwa siku moja. Maji yaliyooshea mchele au mboga yanatosha, mradi hayana sabuni.

Na kama bado unaona maua tupu ni upuuzi, panda matembele pembeni mwa sanduku. Yananing'inia vizuri kuliko mimea mingi inayouzwa vitaluni, yanaziba ubavu wa dumu, na hayadai malezi. Nimeshaambiwa kwamba mboga si pambo. Basi anayesema hivyo apite barazani kwangu jioni, na akiomba ya kupika nitamchumia, ila ya upande wa ndani tu. Ya upande wa barabarani yaachwe.