Ugomvi wa Google na Roku, na bando la mtu wa Mtwara

Ugomvi wa kampuni kubwa za teknolojia hutufikia huku Kusini mwa Tanzania ukiwa umeshapewa mwonevu na mwonewa. Katika ule wa Google na Roku wa mwaka 2021, mwonewa alikuwa Roku: kampuni ya Marekani ya vijiti vya kuchomeka kwenye runinga na runinga janja za bei nafuu, iliyokataa kuburuzwa na mkubwa. Sehemu kubwa ya simulizi hiyo ni kweli. Lakini ndani yake kuna sharti moja la Google lililotupwa kapu moja na maovu mengine, na kwa maoni yangu halikustahili, hasa ukilitazama ukiwa Mikindani, Nachingwea au Tandahimba, ambako intaneti ya runinga ni simu ya mtu iliyowashwa hotspoti na kuwekwa juu ya kabati.

Kwa aliyesahau: mwishoni mwa Aprili 2021 mkataba wa YouTube TV, ile huduma ya kulipia chaneli za moja kwa moja, uliisha bila kuhuishwa, na Roku ikaiondoa kwenye duka lake la programu. Mvutano ukapanda hadi kuigusa YouTube yenyewe, ambayo ilikuwa ikose nafasi kwenye vifaa vipya vya Roku kuanzia tarehe 9 Desemba. Wakapatana tarehe 8, na masharti ya mapatano hawakuyaweka hadharani.

Malalamiko ya Roku yalikuwa ya aina mbili, na hapa ndipo mchanganyiko ulipoanzia. La kwanza lilihusu utafutaji. Roku ilidai Google inataka matokeo ya YouTube yapewe safu yake peke yake, na kwamba mtu akiwa ndani ya YouTube asiletewe matokeo ya programu nyingine. Google ikakanusha. Kisha Oktoba mwaka huo CNBC ikachapisha barua pepe ya 2019 ambamo mtu wa Google aliiambia Roku kuwa safu maalumu ya matokeo ya YouTube ni lazima. Baada ya hapo ubishi juu ya suala hilo uliisha, angalau kwangu. Mwenye programu hana haki ya kupanga rafu za duka la mwenzake.

La pili lilihusu kodeki, na hapo naomba tukae kidogo.

Kila video inayopita mtandaoni hufinywa kabla ya kusafiri, kisha hufunguliwa na kifaa cha mtazamaji. Mfumo wa kuifinya na kuifungua ndio kodeki. H.264 ni wa zamani na upo karibu kila mahali. VP9 ni wa Google. AV1 ulikamilishwa mwaka 2018 na muungano wa kampuni ambazo sokoni huwa hazipatani, zikiwemo Google, Amazon na Netflix. Google ilitaka vifaa vya Roku viwe na uwezo wa kufungua AV1. Roku ikajibu kwamba sharti hilo lingeilazimisha kuweka chipu za bei ya juu zaidi na kuwapandishia wateja gharama.

Waandishi wengi waliliorodhesha sharti hilo pamoja na lile la utafutaji, kama ushahidi mwingine wa ubabe. Hesabu ya bando inasema vingine. Mwaka 2018 Facebook walichapisha majaribio yao: kwa ubora uleule wa picha, AV1 ilitumia data pungufu kwa takriban theluthi ikilinganishwa na VP9, na pungufu kwa karibu nusu ikilinganishwa na H.264. Netflix wenyewe huwaambia wateja kuwa ubora wa kawaida hula hadi GB 1 kwa saa, na HD hadi GB 3. Chukua bando la GB 3 na ubora wa kawaida: saa 3 limekwisha. Punguza theluthi, linafika saa 4 na nusu. Kwa mtu wa Dar es Salaam mwenye faiba ya malipo ya mwezi, saa hiyo moja na nusu haina maana yoyote, hataijua hata ikipotea. Kwa mama anayewafungulia wajukuu katuni pale Chikongola kwa bando alilolinunua asubuhi, ni tofauti ya kumaliza jioni au kuambiwa salio halitoshi katikati ya wimbo.

Na faida hiyo inarudi kila siku. Bei ya runinga unailipa mara moja, pengine msimu wa korosho malipo ya mnada yakishaingia. Bando unalilipa kila unapoiwasha, miaka yote utakayokaa nayo. Runinga iliyopunguziwa bei kwa kunyimwa chipu ya AV1 inamdai mwenye nyumba kidogokidogo, na deni hilo halimo kwenye risiti. Hivi ndivyo ningependa lile neno la Roku, "gharama kwa mteja", lisomwe: gharama gani, ya siku gani, na inalipwa kwa nani.

Ajabu ni kwamba Google nao waliitetea hoja yao vibaya. Walipojibu hadharani, mfano walioutoa ni kwamba bila kodeki hizo mteja asingeweza kutazama YouTube kwa ubora wa 4K HDR au 8K. Nani anamwonea huruma mtu aliyekosa 8K? Walikuwa na hoja ya watu wasio na data ya kutosha, wakaenda kuwasemea wenye kioo kikubwa sebuleni. Haishangazi umma ulibaki na Roku.

Dai la Roku kwamba AV1 ingepandisha bei nalo lilikuja kudhoofishwa na soko. Kwa haki, siku dai linatolewa lilikuwa na uzito: hata Chromecast, kijiti cha Google yenyewe, kilichotoka Septemba 2020 kikiwa na mfumo wa Google TV, hakikuwa na uwezo wa AV1. Mwenye sharti hakulitimiza nyumbani kwake. Lakini Septemba 2022 Google ilitoa toleo la HD la Chromecast hiyo likiwa na AV1, kwa dola 30. Na Netflix walikuwa wameanza kutuma AV1 kwenye runinga tangu Novemba 2021. Ndani ya miaka miwili tu, kitu kilichoitwa cha gharama kilikuwa kwenye moja ya vijiti vya bei ya chini kabisa.

Roku pia si yatima kama inavyosimuliwa. Mwaka 2024 mapato yake yalivuka dola bilioni 4.1, na takriban bilioni 3.5 kati ya hizo zilitoka kwenye jukwaa, yaani matangazo na mgawo wa malipo ya huduma, si kwenye kuuza vifaa. Vifaa huuzwa kwa hasara ili mteja aingie. Tazama rimoti ya runinga janja yoyote pale Soko Kuu: kuna kitufe chekundu cha Netflix kwenye nyumba ambayo haitalipia Netflix maisha yake yote. Kitufe hicho kina aliyekilipia. Bloomberg iliripoti mwaka 2019 kuwa Roku ilikuwa ikitoza dola 1 kwa kila kitufe kwa kila mteja. Kampuni inayouza hadi nafasi ya kidole kwenye rimoti, ikisema inalinda mfuko wa mteja, mimi huwa naisikiliza kwa sikio moja.

Sasa upande wa pili, na wenye hoja nzito kuliko hizo walizosema Roku wenyewe.

Huku Roku hutaikuta sana dukani. Tulichonacho ni Hisense, TCL, Samsung, LG, na chini yao kundi kubwa la runinga za majina yasiyokumbukika, nyingi zikitumia Android ya bure isiyo na ithibati ya Google. Muuzaji atakuambia, "Chukua hii dada, smati kabisa, YouTube hii hapa," na kweli YouTube inafunguka, ila ni ile ya simu iliyonyooshwa kwenye kioo. Ukikaza masharti kwa watengenezaji wanaofuata utaratibu, gharama yao inapanda kidogo, na kila shilingi inayopanda huwasogeza baadhi ya wanunuzi kwenye kundi hili la chini ambako hakuna sharti lolote. Na huko kuna hatari zaidi ya picha mbaya. Julai 2025 Google ilifungua kesi New York dhidi ya waendeshaji wa BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa zaidi ya milioni 10, vya Android isiyo na ithibati, runinga na visanduku vyake vikiwemo. Kifaa kama hicho hutumia intaneti ya mwenye nyumba kwa kazi za wahalifu. Akiba ya AV1 haina maana kama sharti lake limemsukuma mnunuzi mpaka huko.

Hoja hii naichukulia kwa uzito, na sidhani ina jibu safi. Ninachoweza kusema ni kwamba inapungua nguvu kadiri chipu zinavyoshuka bei, na zimeshuka.

Kuna hoja nyingine mbili ndogo. Moja, Google haikusukumwa na huruma: YouTube ikituma data pungufu, gharama ya kuisafirisha inapungua kwake kwanza. Kweli, ila maslahi ya mkubwa na ya mnyonge yakikutana kwenye jambo moja sioni sababu ya kulikataa kwa kuwa mkubwa naye anafaidi. Ya pili inauma zaidi. Video zenye watazamaji wachache mara nyingi YouTube huziacha kwenye ufinyazo wa zamani, kwa sababu kuzifinya upya ni kazi inayokula umeme na mitambo. Maana yake msanii mkubwa wa Dar atakufikia kwa AV1, na kikundi cha ngoma cha Newala chenye watazamaji 300 kitakula bando lako kama zamani. Hilo wanaoisifu AV1, nami nikiwemo, huwa hatulitaji mapema.

Tukumbuke pia kwamba mpira, ambao ndio unauza runinga nyingi kuliko kitu kingine, bado unakuja kwa dishi. Azam ina haki za Ligi Kuu kwa mkataba wa miaka 10 wa Sh bilioni 225.6 uliosainiwa 2021, na anayemfuatilia Namungo akiwa Liwale hahitaji kodeki ya mtu. YouTube kwa wengi wetu ni singeli, mawaidha, katuni na habari. Lakini ndiyo inayotazamwa kila siku.

Tabia ya kukata kwanza na kuzungumza baadaye hatukuisoma kwa Wamarekani tu. Agosti 2018 chaneli za bure za hapa nchini ziliondoka kwenye ving'amuzi vya DStv, Azam na Zuku, baada ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kusema leseni zao haziwaruhusu kuzibeba. Wenye hoja walikuwepo kila upande, na aliyekuwa na dishi moja tu juu ya bati ndiye aliyelala bila taarifa ya habari aliyoizoea. Google nayo iliinyima Fire TV, vifaa vya runinga vya Amazon, programu ya YouTube tangu mwanzoni mwa 2018 hadi Julai 2019, kwa sababu Amazon ilikuwa haiuzi Chromecast. Katika ugomvi ule sikuona hata sharti moja lililokuwa na faida kwa mtazamaji. Ndiyo maana huu wa 2021 naona ulistahili kusomwa kwa makini zaidi: kulikuwa na moja.

Kosa la Google lilikuwa kuyafunga masharti mawili kwenye mkataba mmoja, la utafutaji na la kodeki, hivi kwamba aliyetaka kulikataa la kwanza alilazimika kulikataa na la pili. Kuyatenganisha kunawezekana. Mwezi Aprili 2025 Tume ya Ushindani ya India ilipitisha makubaliano na Google kuhusu Android TV: Google ililipa takriban rupia milioni 202, na watengenezaji wa runinga nchini humo wakapewa njia ya kulipia leseni ya Play Store peke yake bila kubebeshwa kifurushi kizima, na ruhusa ya kutengeneza runinga za mifumo mingine pia. Sisi tuna FCC ya ushindani, tuna TBS ya viwango na TCRA ya mawasiliano, na runinga inayoingia nchini inahusu zote tatu. Hakuna kinachozuia kumtaka mwagizaji aandike kwenye boksi kama runinga inafungua AV1 au haifungui, kama friji zinavyoandikwa kiasi cha umeme zinachotumia.

Hadi hapo, mnunuzi anaweza kujipimia mwenyewe. Akiwa bado dukani afungue YouTube kwenye runinga anayoitaka, acheze video ya msanii mwenye watazamaji mamilioni, aingie kwenye mipangilio ya video na awashe takwimu za kiufundi. Kwenye mstari wa kodeki, maandishi yakianza na av01, kifaa kinapokea AV1. Yakianza na vp09 ni ya kati. Yakianza na avc1 ni H.264 ya zamani, na hapo ana sababu ya kuomba bei ishuke. Jaribio lenyewe alifanye kwa hotspoti ya muuzaji.